Kichwa Huanza kwa Katazo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliovutwa na neno "uso" kwenye tangazo bila kutishwa na neno "molekuli" lililolifuata: asanteni kwa kuja.

Wengi wetu tukiwaza jinsi kichwa kinavyotokea tumboni, tunawaza amri. Tunadhani mahali fulani ndani ya seli pameandikwa "hapa jenga kichwa", na seli zikatii. Mambo hayaendi hivyo. Kiinitete kikiwa bado kichanga kabisa, kimejaa ishara zinazozisukuma seli ziwe ngozi, ziwe mgongo, ziwe mkia. Kichwa hutokea pale ambapo ishara hizo zimezuiwa. Ukitaka nikueleze kichwa kwa lugha ya molekuli, nitasema ni eneo lililokingwa na ishara fulani kwa muda mfupi, likapata nafasi ya kuwa ubongo na uso. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yanatoka humo, ikiwa ni pamoja na sababu ya mwanakondoo kuzaliwa na jicho moja, na sababu ya mtoto kuzaliwa na mdomo uliopasuka ilhali wazazi wake hawana hata dalili.

Turudi mwaka 1924. Mjini Freiburg, Ujerumani, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo kila anayesomea viinitete hukutana nalo mapema. Walichukua kipande kidogo mno cha kiinitete cha salamanda wa majini, kutoka upande wa mgongo, pale seli zinapoanza kuingia ndani. Wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Walitumia spishi mbili, moja yenye rangi hafifu na nyingine yenye rangi iliyokolea, ili waweze kujua seli ipi imetoka wapi. Kiinitete kilichopokea kipande kile kikaota mwili wa pili tumboni mwake, na sehemu kubwa ya mrija wa neva wa mwili huo ilitengenezwa na seli za mwenyeji. Seli ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo zilikuwa zimegeuzwa kuwa mfumo wa neva. Spemann alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold hakuiona: alifariki kwa kuungua moto mwaka huohuo wa 1924, kabla watu hawajaelewa uzito wa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Kipande kile kilitoa nini? Swali hilo liliwasumbua watu karibu miaka 70. Walikichemsha, walikigandisha, walikiua kwa dawa. Kilichowachanganya ni kwamba hata kipande kilichokufa kiliendelea kuchochea neva, na vitu vingine vingi visivyo na uhusiano nacho vikafanya vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, tatizo halikuwa uhaba wa vifaa peke yake. Kila mtu alikuwa akitafuta kitu kinachoamuru, kwa hiyo hakuna aliyetazama upande wa pili.

Jibu lilipatikana miaka ya 1990, kwa viinitete vya chura. Mwaka 1992 ikapatikana protini iliyoitwa Noggin, na mwaka 1994 nyingine iliyoitwa Chordin. Ikaja kudhihirika kwamba zote mbili zinafanya kazi moja: kuikamata protini iitwayo BMP nje ya seli, isifike kwenye kipokezi chake. BMP ndiyo inayoziambia seli ziwe ngozi. Ikizuiwa, seli hushika njia ya neva, njia ambayo tangu mwanzo zilikuwa na mwelekeo wa kuishika.

Lakini neva si kichwa. Uti wa mgongo nao ni neva. Ili upate kichwa ni lazima uzuie ishara ya pili, nayo ni familia ya protini zinazoitwa Wnt, ambazo ni nyingi upande wa nyuma wa kiinitete na hupungua kadiri unavyokwenda mbele. Mwaka 1996 kikundi cha Edward De Robertis huko Los Angeles kilitangaza protini ya Cerberus. Ukiiweka mahali pasipo pake katika kiinitete cha chura, kinaota kichwa cha ziada. Siri yake ni kwamba inazuia BMP, Wnt na ishara ya tatu iitwayo Nodal kwa mpigo mmoja. Mwaka 1998 kikundi cha Christof Niehrs huko Heidelberg kikapata Dickkopf-1, ambayo kazi yake ni kuizuia Wnt. Kisha mwaka 2001 ukatoka ushahidi wa panya walionyimwa jeni ya Dickkopf-1: sehemu za kichwa zilizo mbele ya ubongo wa kati hazikuwepo. Hakuna kilichowaharibu viinitete hao kutoka nje. Wnt ilifika mahali isipopaswa kufika, basi.

Hadithi hii ikisimuliwa haraka huonekana safi kuliko ilivyo. Panya asiye na jeni yake inayofanana na ile ya Cerberus huzaliwa mzima, bila kasoro. Kinachotosha kuota kichwa kwa chura si lazima kiwe kinachohitajika kwa panya, na mahali penye hatari kubwa maumbile huweka vizuizi zaidi ya kimoja. Kwa hiyo mwanafunzi akiniandikia katika mtihani kwamba "Cerberus hutengeneza kichwa", nampa nusu ya alama.

Tuseme eneo limeshakingwa. Ndani yake kuna tabaka la ubongo wa mbele, na katikati yake kuna uwanja wa macho. Uwanja mmoja, si miwili. Kila aliyeketi humu alianza hivyo. Chini yake, katikati kabisa, seli chache hutoa protini iitwayo Sonic hedgehog. Jina hilo lilianza kwa nzi wa matunda: mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichapisha jeni ambazo zikiharibika buu wa nzi huyo anavurugika umbo, na katika mojawapo buu alijaa vinyweleo kama miba ya kalunguyeye. Jeni za aina hiyo kwa wanyama wenye uti wa mgongo zilitangazwa mwaka 1993, na moja ikapewa jina la mhusika wa mchezo wa video. Madaktari wanaolazimika kulitaja jina hilo mbele ya wazazi walio katika msiba hawalipendi, na mimi niko upande wao.

Protini hii, kama zile nilizotaja mwanzo, husambaa mithili ya harufu ya moshi: aliye karibu inamjaa, aliye mbali anaipata kidogo, na kila seli huamua la kufanya kulingana na kiasi kilichoifikia. Inapofika kwenye uwanja wa macho, huzima pale katikati jeni ya Pax6 ambayo bila hiyo macho hayajengeki. Uwanja hugawanyika pande mbili. Ubongo wa mbele ulio juu yake nao hugawanyika kuwa nusu mbili. Ishara isipokuja, uwanja unabaki mmoja, na jicho linakuwa moja katikati ya uso.

Tulilijuaje hili? Kwa kondoo. Miaka ya 1950 wafugaji katika jimbo la Idaho, Marekani, walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja katikati. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ikaleta wataalamu, na mmoja wao, Lynn James, akaenda kuishi na wachungaji malishoni ili aone kondoo wanakula nini. Chanzo kikawa mmea wa milimani uitwao Veratrum californicum. Kondoo jike akiula siku ya 14 ya mimba, mwana anapata madhara hayo. Akiula baadaye, macho huwa yameshatengana, ingawa mmea unaweza kudhuru viungo vingine. Wanakemia wakaitenga sumu yenyewe katika miaka ya 1960, wakaiita saiklopamini. Halafu ikakaa karibu miaka 30 bila mtu kujua inafanya nini ndani ya seli.

Mwaka 1996 panya walioondolewa jeni ya Sonic hedgehog wakaonekana na uso uleule wa wanakondoo wa Idaho. Miaka miwili baadaye maabara zikathibitisha kwamba saiklopamini huzifanya seli zisiitikie Sonic hedgehog, na baadaye ikajulikana kwamba inanasa kwenye protini ya utando wa seli iitwayo Smoothened, ambayo ndiyo hupitisha ujumbe huo ndani. Wapo waliouliza: ikiwa kuna saratani inayoishi kwa kutumia njia hiyohiyo ya ujumbe, kwa nini tusiizime? Saratani ya ngozi ya seli za chini ni ya aina hiyo. Mwaka 2012 dawa ya visimodegibu iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya saratani hiyo ikiwa imesambaa, na hufanya kazi kwa kuizuia Smoothened. Onyo lake kubwa kuliko yote linahusu mimba, na sasa mnajua sababu.

Kwa binadamu hitilafu hii ya ubongo wa mbele kutogawanyika huitwa holoprosensefali. Inakadiriwa kutokea katika kiinitete kimoja kati ya 250 hivi, lakini nyingi ya mimba hizo huharibika zenyewe, kwa hiyo wanaozaliwa hai ni takriban mmoja kati ya 10,000 au pungufu ya hapo. Mwaka 1964 William DeMyer na wenzake walionyesha kwamba kwa watoto hao, uso mara nyingi hueleza hali ya ubongo ulio nyuma yake: kadiri katikati ya uso ilivyopungua, ndivyo ubongo ulivyoshindwa kugawanyika. Mwaka 1996 ikathibitishwa kwamba baadhi ya familia zenye hitilafu hii zina mabadiliko katika jeni ya Sonic hedgehog. Na hapa pana jambo ambalo kila mwaka huwashangaza wanafunzi wangu wa udaktari. Ndani ya familia moja, mabadiliko yaleyale ya DNA yanaweza kumpa mtoto holoprosensefali kali, huku mzazi aliyemrithisha akiwa ni mtu mzima mwenye afya, ila ana jino moja tu la mbele la juu, katikati kabisa, badala ya mawili. Jino hilo ni habari. Daktari wa meno aliye makini huweza kuwa wa kwanza kuiona.

Sasa tuuache ubongo, twende kwenye uso wenyewe. Mifupa ya uso inatoka wapi? Kwa muda mrefu jibu la vitabuni lilikuwa kwamba mifupa na gegedu vyote hutoka kwenye tabaka la kati la kiinitete. Mwaka 1893 mtafiti Mmarekani Julia Platt, akichunguza salamanda, aliandika kwamba gegedu za kichwa hutoka kwenye tabaka la nje, lilelile linalozaa ngozi na neva. Wakubwa wa fani walimkatalia, maana alikuwa amegusa kanuni iliyoheshimiwa mno. Alipata shahada ya uzamivu Freiburg, hakupata kazi ya chuo kikuu, akahamia mji wa Pacific Grove huko California, na mwaka 1931 akachaguliwa kuwa meya wake. Alipigania ufukwe wa mji huo ulindwe. Mji ulifaidika, elimu ya viinitete ilipoteza.

Platt alikuwa sahihi. Seli alizoziona leo huitwa seli za ukingo wa neva. Huzaliwa pale pembeni ambapo tabaka la neva hupakana na ngozi, na mrija wa neva unapofunga, huachana nao na kusafiri. Wilhelm His alikuwa ameuona ukingo huo kwenye kiinitete cha kuku tangu mwaka 1868, bila kujua unakokwenda. Aliyefuatilia safari yenyewe kwa uhakika ni Nicole Le Douarin wa Ufaransa, kuanzia mwaka 1969. Aligundua kwamba kiini cha seli ya kware kinatofautiana na cha kuku kikitazamwa kwa hadubini, hivyo akapandikiza seli za kware katika kiinitete cha kuku na kuzisaka baadaye. Zilikuwa kila mahali usoni: kwenye taya, kwenye mifupa ya pua, kwenye paji la uso, kwenye seli za rangi. Kwa mamalia zinajenga hata sehemu kubwa ya jino.

Kuna kitu hapa kinachonifurahisha zaidi ya vingine vyote katika fani hii. Ili seli za ukingo wa neva zizaliwe, zinahitaji Wnt. Ndiyo, Wnt ileile ambayo dakika chache zilizopita nilisema ikifika mbele kichwa hakiwepo. Mbele kabisa imezuiwa. Pembeni kidogo ya hapo inatakiwa. Anayetafuta molekuli njema na molekuli mbaya hatazipata. Kuna mahali, muda na kiasi.

Seli hizo zikifika usoni, nani anaamua ziwe nini? Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms walifanya jaribio la kupendeza sana kwa bata na kware. Bata huanguliwa kwa siku 28, kware kwa siku 17 hivi, na midomo yao hata mtoto mdogo angeitofautisha. Walichukua seli za ukingo wa neva kabla hazijasafiri, wakazibadilishana kati ya viinitete hivyo viwili. Bata aliyepewa seli za kware alitengeneza mdomo wa kware, na aliutengeneza kwa mwendo wa kware, upesi kuliko mwili wake uliobaki. Kware aliyepewa seli za bata akatoa mdomo wa bata. Hata ngozi ya juu, ambayo ilikuwa ya mwenyeji, ilibadili tabia ili ilingane na seli ngeni zilizo chini yake. Kwa hiyo seli za ukingo wa neva hubeba ndani yake habari ya mdomo wa aina gani.

Msiharakishe kuhitimisha, lakini. Mwaka huohuo maabara ileile ilionyesha kwamba kwenye ngozi ya mbele ya uso wa kifaranga kuna mpaka mwembamba ambapo seli zinazotoa protini ya ishara iitwayo Fgf8 hukutana na seli zinazotoa Sonic hedgehog. Kipande hicho cha ngozi kikipandikizwa mahali pengine usoni, mdomo wa ziada huanza kuota hapo. Kwa hiyo ngozi inasema "hapa na paote mdomo", na seli za ukingo wa neva ndizo zinazojua ni mdomo wa ndege gani. Kila upande unasubiri neno la mwenzake. Ukizitenganisha, hakuna uso.

Kiasi cha ishara kinaweza kubadilisha umbo bila kuharibu chochote. Ndege wa visiwa vya Galápagos, wale waliohusishwa na jina la Darwin, wengine wana midomo minene ya kuvunja mbegu ngumu, wengine mirefu ya kuchokoa maua ya dungusi kakati. Mwaka 2004 Arkhat Abzhanov na wenzake walionyesha kwamba wenye midomo minene huwasha jeni ya Bmp4, mmoja wa ukoo wa BMP niliyoitaja mwanzo, mapema zaidi na kwa nguvu zaidi wakiwa bado ndani ya yai. Walipoiongeza protini hiyo kwa kifaranga cha kuku, mdomo ulinenepa. Mwaka 2006 wakaonyesha kwamba urefu hufuata protini nyingine, kalimodulini. Unene na urefu vinaendeshwa na njia mbili tofauti, na hivyo uteuzi wa asili unaweza kugusa kimoja ukakiacha kingine.

Taya nalo lina simulizi yake, nitaipitia kwa kifupi. Seli zinazoingia kwenye tao la kwanza la koromeo, uvimbe ulio chini ya kichwa cha kiinitete, zinaweza kuwa taya la juu au la chini. Zilizo upande wa chini hupokea ishara ya endothelini-1, ambayo huwasha jeni za Dlx5 na Dlx6. Mwaka 2002 vikundi viwili vilitoa taarifa za panya waliokosa jeni hizo mbili: mahali pa taya la chini palikuwa na taya lingine la juu, hata sharubu zake zikiwemo. Yaani bila ishara ile, seli hubaki kwenye umbo la taya la juu. Taya la chini ndilo linalohitaji neno la ziada.

Sasa naomba kila mmoja aguse mfereji mdogo ulio kati ya pua na mdomo wake wa juu. Hapo palikuwa wazi. Uso wa binadamu huanza wiki ya nne kama vimbe tano kuzunguka tundu la kinywa: moja juu, mbili za taya la juu, mbili za taya la chini. Vimbe hizo hukua zikielekeana, na kufikia mwisho wa wiki ya saba hivi mdomo wa juu huwa umeungana. Kaakaa hufuata. Vipande vyake viwili huanza vikiwa vimening'inia wima kando ya ulimi, kisha ulimi hushuka, vipande vikanyanyuka na kulala, vikakutana katikati. Ngozi iliyo kwenye kingo zake lazima itoweke ili vishikane. Panya wasio na protini ya TGF-beta 3 hufika hadi hapo, vipande vinagusana, ila havishikani.

Mdomo au kaakaa kupasuka hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 700 wanaozaliwa. Mdomo hupasuka zaidi upande wa kushoto kuliko kulia, na kaakaa peke yake hupasuka zaidi kwa wasichana, ambao vipande vyao huchelewa kukutana kwa siku chache. Wakati mwingine jeni moja huhusika: mwaka 2002 ilijulikana kwamba mabadiliko kwenye IRF6 huleta ugonjwa wa Van der Woude, ambao dalili yake ni vishimo viwili kwenye mdomo wa chini. Mara nyingi zaidi ni mchango mdogomdogo wa jeni nyingi pamoja na mazingira. Na kasoro huweza kuanzia mbali na pale inapoonekana. Kuna watoto ambao taya lao la chini ni dogo mno, kwa hiyo ulimi hauna pa kushukia, unabaki katikati, na kaakaa linashindwa kufunga ingawa lenyewe halina ubaya wowote. Hali hiyo huitwa Pierre Robin. Mwaka 2009 baadhi ya familia zenye hali hiyo zilikutwa na jeni nzima ya SOX9, isiyo na kosa hata herufi moja. Kilichokatika ni swichi za jeni hiyo, vipande vya DNA vilivyo umbali wa zaidi ya herufi milioni moja kutoka kwenye jeni yenyewe. Swichi hizo hufanya kazi kwenye seli za uso, ndiyo maana sehemu nyingine za mwili zinazotumia SOX9 hazikuguswa.

Ndugu zangu, nimeulizwa mara nyingi kuhusu pombe, vitamini na dawa, kwa hiyo nitalisema waziwazi. Mwaka 1933 Fred Hale huko Texas alionyesha kwamba nguruwe aliyenyimwa vitamini A huzaa watoto wasio na macho. Nusu karne baadaye, isotretinoini, dawa ya chunusi kali inayotokana na vitamini hiyohiyo, iliingia sokoni Marekani mwaka 1982, na ndani ya miaka michache zikaja taarifa za watoto wenye masikio yaliyoharibika, hitilafu za moyo na za ubongo, na taya dogo. Mwili hutengeneza asidi ya retinoiki kutoka vitamini A na kuitumia kuziambia seli za kichwa cha nyuma ziko wapi. Ikipungua ni balaa, ikizidi ni balaa. Kuhusu pombe, Kathleen Sulik alionyesha mwaka 1981 kwamba panya jike akipewa pombe nyingi siku ya saba ya mimba, watoto hupata uso unaofanana na wa watoto walioathiriwa na pombe: macho madogo, na ule mfereji mlioushika umetandazika. Siku ya saba ya panya ni sawa na wiki ya tatu ya binadamu. Mrija wa neva nao hufunga kufikia siku ya 28 hivi, ndiyo sababu asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hushauriwa ianze kabla ya mimba. Anayesubiri kipimo kimthibitishie ujauzito ndipo aanze, mara nyingi amechelewa kwa jambo hili mahususi.

Nasema hivyo kwa tahadhari, kwa sababu nimewaona akina mama wanaojilaumu kwa kila walichokula. Mtoto mwenye ugonjwa wa Treacher Collins, mmoja kati ya 50,000, hana mifupa kamili ya mashavu, na mara nyingi masikio yake hayakukamilika. Hakuna chakula kilicholeta hilo. Jeni ya TCOF1, iliyotambuliwa mwaka 1996, husaidia kutengeneza ribosomu, viwanda vya protini vya kila seli. Seli zote zinazihitaji, lakini seli za ukingo wa neva hugawanyika kwa kasi kubwa kiasi kwamba upungufu huziua kwanza, kupitia protini ya p53. Kwa panya, kuizuia p53 kuliuokoa uso. Hiyo ilikuwa mwaka 2008, na si tiba ya binadamu, kwa sababu p53 ndiyo pia hutukinga na saratani.

Nimalizie na wale wanaouza ahadi ya kuchora uso wa mtu kutoka kwenye tone la damu. Mwaka 2021 utafiti uliopima nyuso za watu zaidi ya 8,000 ulikuta sehemu zaidi ya 200 za DNA zinazohusiana na umbo la uso, nyingi zikiwa kwenye swichi zinazofanya kazi ndani ya seli za ukingo wa neva, na kila moja ikiwa na mchango mdogo mno. Picha inayochorwa kutokana na hizo humfanania jamaa yeyote wa karibu, na wengine wengi. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulikuta sehemu 76 zinazogusa umbo la uso na umbo la ubongo kwa pamoja, jambo ambalo kondoo wa Idaho wangeweza kutuambia zamani. Watafiti wakalinganisha sehemu hizo na zile zinazohusishwa na uwezo wa akili, tabia na magonjwa ya akili. Hawakukuta uhusiano.

Mwenyekiti, naona muda umekwisha. Nipo tayari kwa maswali.